Suruali ya Mjomba na Vyuma vya Theluji

Mjukuu wangu Neema,

Huku nyumbani Minto tuko salama, na mama yako anakusalimu. Umeniuliza, ukishasugua vile vyuma vya ski vya wateja wako, vya kutelezea juu ya theluji, na kuvipaka nta, utajuaje vimelainika vya kutosha?

Theluji mimi naijua kwa picha zako tu. Lakini kule Goma mjomba wangu alitengeneza chukudu, baiskeli za mbao za kubebea mizigo. Akishapaka grisi kwenye magurudumu, alishuka nayo mlima yeye kwanza, mteja akimngoja. Siku moja alirudi suruali imechanika, akachukua tena msasa kulainisha magurudumu. “Afadhali yangu kuliko yako,” alimwambia mteja.

Basi teleza wewe kwanza. Suruali ikifika chini nzima, wape wateja vyuma vyao. Ikichanika, niletee. Sindano bado naiona.

Babu yako