Kondoo wa Tano

Nacozari, Alhamisi,
wiki moja kabla ya sikukuu ya San Juan

Baba yangu mpendwa, don Fermín,

Salamu nyingi, na pole kwa kulala kitanda cha ugenini. Natumaini barua hii inakukuta umekaa, si umelala, na kwamba Chayo anakupa chakula kisicho na chumvi na wewe unakila bila kumnunia dada yangu. Sisi huku wazima. Mvua bado. Mbwa wako analala mlangoni pa karakana na kumngurumia kila mteja, kwa hiyo kazi yako haijakosa mtu wa kuifanya.

Najua Jumatatu wanakupasua moyo. Sitazunguka: nataka uingie chumba kile ukiwa na amani, na kinachokunyima amani nakijua. Siku ulipopanda basi ulijifanya unahesabu mizigo, lakini nilikuona unamtafuta don Baudelio kwenye umati. Kompadre wako, mtu aliyenishika nikibatizwa, na miaka yote hii mnapishana barabarani kama watu wasiojuana, kwa sababu ya kondoo mmoja wa chuma. Nianze na kazi, maana kazi ndiyo iliyoleta mengine.

Ulipoondoka tu, Arvizu, mwenyekiti wa klabu ya shabaha, alikuja karakanani. Alisema wanyama wa chuma wa kulengwa walionunua mjini wamekwisha. Chuma laini, kila risasi imeacha shimo, na wengine wamepinda hata kusimama hawawezi. Akaniuliza, macho chini, kama kuna fundi ninayemfahamu. Nikamwambia anamtazama. Akacheka, akaona sicheki, akaagiza seti nzima kwa mashindano ya San Juan: kuku, nguruwe mwitu, bata mzinga na kondoo, watano watano.

Baba, kazi imekaa sawasawa, na nasema hivyo bila haya. Bamba nilichagua mwenyewe kwenye vyuma chakavu vya mgodini, chuma kigumu kile ambacho hata keekee inakikimbia. Nilikata kwa moto taratibu, maji yakimwagika pembeni, ili ukingo usilainike. Mwilini sikuchomelea popote, ni miguuni tu, kama ulivyonifundisha kwa makonzi. Kuku wangu ukimgonga kwa nyundo analia kama kengele ya kanisa. Arvizu alimgonga, akamgonga tena, akaenda zake.

Kwa kondoo nilihitaji kiolezo, nikawatoa wale watano uliowakata wewe na kuwafungia stoo tangu ugomvi. Nikawabeba mmoja mmoja hadi mezani kuwazungushia chaki. Wanne walikuja vizuri. Wa tano nusura anivunje kiuno.

Fainali ile unaikumbuka kuliko mimi. Mita mia tano, kondoo wa mwisho, don Baudelio akampata mbavuni. Sote tulisikia mlio. Kondoo akayumba, akatulia. Wewe ndiye uliyekuwa kwenye darubini, ukatangaza ulichokiona, kwamba amesimama, na mnyama asiyeanguka hahesabiwi hata ukimpiga kutwa nzima. Kombe likaenda kwa wapinzani wetu wa Cumpas. Don Baudelio akasema mbele ya watu wote kwamba umemvalisha kondoo viatu vya chuma miguuni asianguke, kwa wivu, kwa kuwa wewe hukuwahi kushinda. Ukaapa kwa kaburi la mama kwamba wote watano ni sawa. Nyama ilikuwa bado kwenye makaa na hakuna aliyeigusa.

Sasa vuta pumzi, baba, kama daktari alivyokuelekeza. Nilimpima kondoo wa tano. Amewazidi wenzake kilo nne.

Sikutaka kuamini. Nilikwangua rangi yote, tabaka juu ya tabaka, nikapima unene. Viatu hakuna, miguu ni sawa na ya wenzake. Ni mwili wote ulio mnene zaidi, kwa kiasi cha sarafu hivi. Nikakaa nikawaza bamba lile lilitoka wapi, ndipo nikaelewa. Lilikuwa sakafu ya lori la mgodini. Mawe yalikuwa yamelila katikati, pembeni hayakuligusa. Wewe ulipima katikati, ukakata wanne hapo hapo, na wa tano ukamtoa pembeni. Hukumdanganya mtu. Ulipima mara moja tu, wewe unayenipigia kelele nipime mara tatu.

Nilijua ungeniambia ninyamaze mpaka upone, ndiyo maana sikukuuliza. Niliwapakia kondoo wote kwenye pikapu, nikaazima mizani ya mchinjaji, nikaenda kwa don Baudelio. Alinipokea na kikombe cha kahawa mkononi, akauliza kama mzee wangu siku hizi anatuma watoto kuuza vyuma. Nikamwambia mzee hajui kama niko hapa, aweke kikombe chini anisaidie kushusha. Tukawapima uani. Wa tano alimrudia, akamgeuza, akampima tena. Halafu akakaa kwenye ngazi akacheka mpaka machozi yakamtoka, na kicheko kilipokwisha machozi yaliendelea. Alisema muda wote huo alimwita kompadre wake mwizi, kumbe mtu mwenyewe hajui kupima tu.

Nilimuuliza kama anataka klabu impe kombe lake. Alinijia juu. Kondoo hakuanguka, akasema, na kama hakuanguka basi, yeye si mtoto wa kulilia bati. Kinachomchoma ni kwamba alikufikisha mahali pa kuapia kaburi la mama, mwanamke aliyemwekea tortila za moto kila Jumapili bila kumuuliza alikuja kufanya nini. Akasema hilo halisemwi kwa simu wala kwa mtu wa kutumwa.

Kondoo wangu nimewapima kichwani, tumboni na mkiani, usiwe na wasiwasi nao. Msalimie Chayo, mwambie pilipili za porini zimo kwenye mfuko, ila wewe usiziguse. Jumatatu nitakuwa hapo kabla hawajakuingiza ndani. Naomba baraka zako.

Barua hii sikuipeleka posta. Aliyemkabidhi Chayo bahasha ni yeye mwenyewe, yule asiyetaka mtu wa kutumwa. Amekuja na basi la alfajiri, amevaa kofia yake ya harusini, na amekaa hapo barazani. Nimemwambia asiingie mpaka umalize kusoma, naye ameniahidi. Basi umemaliza. Mwite, na usimwite don Baudelio. Mwite kompadre.

Binti yako mwenye kichwa kigumu,
Obdulia Tánori