Ule Mluzi Wako, Baba

Mpendwa Baba,

Nakuandikia nikiwa bado nakucheka. Unisamehe, maana marehemu hachekwi, lakini hili umejitakia mwenyewe.

Jumamosi jioni nilienda na wenzangu wa benki kula samaki kwenye hoteli moja hapa Buluk, ile ya viti vya plastiki na turubai, ambako bendi ya wazee watatu hupiga muziki kabla giza halijaingia. Tulinawa, tukaletewa sinia moja la samaki wa kukaanga na kisra, ile mikate myembamba ya mtama, na gitaa likaanza kusemezana na ngoma. Nikakukumbuka vibaya sana. Mwaka wa pili huu niko Juba, huu mji wa hadithi zako kule Nakuru, na sijakutana na mtu hata mmoja aliyekujua. Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba hapa ni kwetu kwa jina tu. Na Mama, tangu tukuzike, kila nikimwomba aje, jibu ni lile lile: "Juba nina kazi gani?"

Basi wazee walipopumzika, nikamwendea mwenye gitaa nikamwomba wimbo. Nikamwambia jina silijui, ila ni wimbo wa dini, maana baba yangu alikuwa mzee wa kanisa na aliupiga mluzi kila asubuhi akinyoa ndevu. Kisha nikaupiga mluzi mbele ya watu wote, kwa heshima zote.

Hoteli nzima iliangua kicheko.

"Ya biniya, binti yangu," mzee akasema akijifuta machozi, "hiyo si ya kanisa. Hiyo iko ya kutongoza! Sisi vijana ya Rejaf, hapo nje ya mji, tulikuwa naimbia wasichana."

Baba! Nilitamani ardhi ipasuke. Tuliuweka kwenye ibada ya mazishi yako! Mpiga kinanda aliufanyia mazoezi wiki nzima, na mchungaji akainamisha kichwa. Kuishi kwingi ni kuona mengi, lakini hili lako limepita kipimo.

Kisha wakaupiga. Mzee akaimba mstari wa kwanza, akanyamaza, na mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akila bamia meza ya pili akainuka, vidole vikiwa bado na mchuzi, akamjibu. Kumbe ndivyo ulivyo: mwanamume anaomba, mwanamke anajibu. Ndipo nikakumbuka kwamba wewe pia ulikuwa ukifika katikati unanyamaza, wembe hewani, halafu unaanza upya. Sisi watoto tulidhani pumzi imekuishia. Nililia pale pale juu ya samaki, wala sikuona haya.

Nilipofika nyumbani nikampigia Mama, nikamsimulia.

"Unadhani alikuwa anampigia nani huo mluzi?" akasema. "Siku ya mazishi nilijifunika leso, mkafikiri nalia. Nilikuwa nacheka. Halafu ndiyo nikalia."

"Kwa nini hukumjibu, Mama?"

"Nilimkasirikia. Alinitoa Juba mbio mbio, hakuniacha hata nimuage mama yangu. Mama akafa, akazikwa Rejaf, mimi niko Nakuru nauza mboga. Nikasema nitamjibu siku akinirudisha. Tukazeeka hivyo."

Sikujua, Baba. Niliishi nanyi miaka yote hiyo katika vyumba viwili na sikujua. Sikulaumu, ulikuwa ukituokoa na vita. Simlaumu yeye pia. Lakini kila asubuhi uliomba tena, na hilo linanipa moyo kuliko mahubiri yako yote. Sasa nikipita mitaa hii najua nimetoka kwa nani: kijana wa Rejaf mwenye maneno matamu na shingo ngumu. Inanitosha kabisa kuita hapa kwetu.

Jana Mama alinipigia mwenyewe. "Nikatie tiketi," akasema. "Kwanza unipeleke kwa kaburi ya mama. Halafu hiyo hoteli."

Anafika Alhamisi. Utabaki peke yako huko Nakuru kwa muda, usione tumekutupa. Asubuhi ya safari atapita kwanza kaburini kwako, na amekataa kusindikizwa. Nilimuuliza atakuambia nini. Akasema haendi kuongea, anaenda kuimba.

Nakuacha mikononi mwake, mzee wangu.

Kifungua mimba wako