Kuhusu Kazi ya Tomonari na Keki Aliyoonja Marehemu

Duka la Dobi Uehara,
Mtaa wa Teramachi,
Takada, Niigata.

24 Februari 2025

Mpendwa Mjomba Setsuo,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Na mkaza mjomba Amélia, ile dawa mpya ya presha imemkubali? Huwa nawawaza mkiota jua huko Londrina huku mimi nikiwa nimevaa soksi mbili mbili, na siwaonei wivu sana, kidogo tu.

Sisi tu wazima kwa kiasi chetu. Mama anakula vizuri. Masikio yamepungua, lakini akisengenywa husikia hata akiwa chumba cha mwisho. Theluji ya mwaka huu imetuelemea. Kila nikimaliza kuiteremsha kutoka paani, nyingine inaanguka, na mabega yangu sasa nayahisi kama ya mtu mwingine.

Uliponipigia simu wiki iliyopita uliuliza kama ni kweli ndugu yangu Tomonari amefukuzwa kazi kwa sababu ya kupokea zawadi. Sikukujibu vizuri kwa kuwa mwenyewe alikuwa ameketi hatua mbili kutoka kwangu. Leo ameenda kumnunulia Mama dawa, kwa hiyo naandika. Nimeifungua shajara yangu nisije nikachanganya siku.

Kwanza, Tomonari hakupokea kitu chochote. Aliyepokea ni dada yako, Mama.

Kazi ya Tomonari unaijua kwa jina tu, kama sisi wote. Alianza na mambo ya wakimbizi, akakaa Geneva miaka mingi akishughulikia mikataba ya kutegua mabomu ya ardhini, kisha akarudi Tokyo kuwa mshauri wa maadili katika kamati inayopima misaada ya nchi yetu kwa nchi nyingine. Majirani wakimuuliza Mama mwanawe anafanya kazi gani, hujibu, "Anauliza maswali, na wanamlipa." Hajakosea sana. Kazi yake ni kuuliza msaada huu utamuumiza nani, na kuuliza kwa upole ili wakubwa wasikasirike.

Ile kamati haipigi kura. Wajumbe huzungukiana maofisini siku nyingi kabla ya mkutano, wakanywa chai, wakaulizana, na wakifika mkutanoni jambo limeshaisha. Ripoti hutoka kwa kauli moja au haitoki kabisa, na bila ripoti msaada husubiri. Kwa miaka mingi mzungukaji wao mkuu alikuwa Tomonari. Watu walipenda kumwona mlangoni.

Mwaka huu lilikuja suala la boti za doria. Serikali inataka kuzitoa bure kwa nchi moja ya kusini, boti nzuri, zimepakwa rangi nyeupe. Tomonari aligundua kwamba askari wa pwani wa nchi ile huzifunga kamba ngalawa za wakimbizi, wakazivuta kurudi bahari kuu na kuziacha huko. Akataka liandikwe sharti moja: boti zitolewe ikiwa tu waangalizi wataruhusiwa kupanda. Wenzake waliona sharti hilo litawaudhi wapokeaji. Wote wakakubaliana liondolewe. Akabaki yeye peke yake, na kiti chake kilikuwa kinasubiri kuongezewa muda mwezi wa Aprili.

Jumanne tarehe 21 Januari nilikuwa nimepeleka mashuka hotelini. Nyuma yangu akaja kijana mmoja kutoka Tokyo, Bwana Kuroiwa, katibu wa kamati, kapanda treni hadi huku kwenye theluji na viatu vya ofisini. Alimletea Mama sanduku la ile keki nzito ya maharage, ya duka kubwa. Akapiga magoti ukumbini, akamsifia Mama mwanawe, kisha akasema wanachoomba ni Tomonari asijichoshe sana na jambo dogo. Mama akamshukuru, akamkaushia viatu kwa magazeti. Alipoondoka, Mama akaliweka sanduku kwenye madhabahu ya nyumbani, mbele ya picha ya Baba, akagonga kengele na kumwambia marehemu kwamba watu wa kazini kwa Tomo wamemkumbuka.

Unajua mwenyewe maana yake. Kilichowekwa pale kimepokewa na nyumba nzima, walio hai na waliokufa. Kesho yake huko Tokyo wajumbe walikuwa wanamwambia Tomonari, kwa tabasamu, kwamba wamefurahi familia imeelewa.

Jumamosi akafika nyumbani. Hakuvua koti. Alisimama mbele ya madhabahu akilitazama lile sanduku, kisha akamwambia Mama kwamba lazima alirudishe.

"Utalirudishaje?" Mama akamuuliza. "Baba yako ameshaonja. Unataka kumtapisha marehemu?"

Tomonari akacheka, Mjomba. Alicheka hadi akakaa chini, na mimi nikaona jinsi alivyokonda. Halafu akaingiza miguu chini ya meza yenye joto, akatueleza habari za zile boti kama nilivyokueleza wewe. Mimi nitakuambia ukweli: nilimwomba akubali. Nilimwambia ana miaka hamsini na saba, nyumba ya Tokyo hajamaliza kuilipia, na boti zitakwenda tu hata akikataa. Alinijibu kwamba hilo analijua. Basi.

Nilidhani Mama hajasikia. Kisha akauliza, "Watoto wa hao wakimbizi, hubebwa mgongoni?"

Tomonari akasema hajui, labda wadogo.

"Setsuo alibebwa mgongoni," Mama akasema. "Meli nzima alikuwa analia."

Alikuwa anasema juu ya ile meli iliyowarudisha kutoka Manchuria baada ya vita, wewe ukiwa na miaka miwili. Aliinuka, akalitoa sanduku mbele ya Baba, akamwomba radhi na kumwahidi kitu kingine, kisha akaikata keki na kutugawia. Tukala. Ilikuwa tamu, siwezi kudanganya.

Baada ya hapo akanituma kwa Mzee Hosokai nikanunue sanduku la maandazi yetu ya mchele yaliyofungwa majani ya mwanzi, lenye thamani ileile ya keki. Hujasahau taratibu zetu: zawadi hujibiwa kwa nusu yake, tena baada ya muda. Ukijibu kamili, tena haraka, umefunga mlango. Mama alilifunga sanduku kwa kitambaa chake cha zambarau na kumpa Tomonari.

"Umpe yule kijana kabla ya mkutano," akamwambia. "Ukimpa baadaye, utaonekana unaomba msamaha."

Mkutano ulikuwa Jumatano tarehe 29. Tomonari alinisimulia kidogo tu. Kuroiwa alilipokea sanduku, akalishika mikononi, akaelewa, na masikio yakamwiva kwa aibu. Humo ndani mwenyekiti alisoma ripoti na kuuliza, kama ada, ikiwa wote wameridhia. Tomonari akasema yeye hakuridhia. Hakuna aliyemgombeza. Mwenyekiti alirudia swali kana kwamba hakusikia, naye akarudia jibu. Kisha watu wakaanza kukusanya karatasi zao. Kwenye lifti kila mmoja akakumbuka kitu alichosahau ofisini, na Tomonari akateremka peke yake.

Wiki iliyofuata akaambiwa muda wake hautaongezwa. Kuhusu zawadi, nadhani mtu alisikia neno "sanduku" na kumalizia mwenyewe.

Sasa yuko hapa. Analala sana, anakunja mashuka vibaya, nami nayakunja upya akitoka. Simu yake ambayo zamani haikunyamaza, siku hizi ni ya kutazamia saa. Mimi nimechoka, Mjomba, na theluji, na kazi, na kumtazama mtu mzima akikaa bila shughuli. Juzi, wakati tunapiga pasi, nilimtolea yaliyonikaa moyoni. Nilimwambia kwamba Aprili ataingia mtu mwingine katika kiti chake, mtu huyo ataridhia, ripoti itatoka na boti zitakwenda. Amepoteza kazi ya maisha yake, na alichopata ni kuzichelewesha tu hadi majira ya maua.

Aliweka pasi pembeni. Hakukasirika.

"Dada," akasema, "kuna watakaovuka kabla ya hapo."

Nikampa shati lililofuata.

Ndugu wakikuuliza, waambie hivyo. Na ukipata nafasi mwandikie yeye mwenyewe, umweleze habari za kahawa yako au za wajukuu, usimpe pole.

Mama anakusalimu sana na anauliza kama bado unalialia. Wasalimie mkaza mjomba Amélia, Paulo na mkewe, na mtoto wao mchanga ambaye bado hatujamwona. Mungu na wahenga wetu wawalinde, wawape mvua ya kutosha na magoti ya kuendea shambani.

Mpwa wako akupendaye siku zote,
Sumie