Deheni ya Baba Uvunguni mwa Gari

Jumanne, 23 Septemba 2025

Nimechoka. Leo kishikio cha tairi la akiba kimekatika tukiwa Tongoni, tairi likaburuzika nyuma yetu. Castory akasimamisha gari, akaingia uvunguni, akatoka na kipande cha chuma mkononi. Akakivunja kwa vidole. Kwa vidole! Gari nililonunua Januari mwaka huu huu, jipya kabisa, hata nailoni za viti sijakubali zitolewe.

Castory ni dereva wangu, mtu wa Lushoto, hana maneno mengi. Kasema tu twende kwa fundi kabla hatujafika pabaya. Tumepeleka samaki kwanza. Samaki hawangoji. Fundi kesho.

Jumatano, 24 Septemba 2025

Gereji ya Zabron, Chumbageni. Kaliinua gari kwa jeki mbili, kaingia chini, nikasikia anacheka. Alipotoka akaona mimi sicheki, akanyamaza.

Akauliza hiki cheupe kilichoganda huku chini kote ni nini. Deheni, nikamwambia. Haijui — mtu wa bara huyo. Nikamweleza: shahamu ya ng'ombe na chokaa, vinatwangwa pamoja, tunapaka matumbo ya vyombo vya baharini visiliwe na wadudu. Akauliza nani kapaka kwenye gari. Baba yangu, nikasema. Akajikuna kichwa.

Kagonga kwa nyundo. Kipande kikabanduka kama ukoko wa wali. Nyuma yake kutu, nyekundu, na maji. Jua lote hili, maji! Anasema maji ya barafu ya samaki na ya mchanga wa ufukweni yameingia kwenye nyufa, deheni ikayashika miezi saba kama nepi ya mtoto. Gari lingeachwa tupu ningeliosha na maji hayo yangeisha. Chasisi bado ina uhai, ila lazima ikwanguliwe yote, ichomelewe mahali pawili, ipakwe rangi nzito nyeusi. Nikingoja mvua za vuli itakatika njiani, na Castory ndani yake.

Nimesema kwangua. Nikarudi nyumbani Ushongo, nikamwambia Baba gari limekwenda sevisi.

Ijumaa, 26 Septemba 2025

Baba katoka msikitini, kapita kwangu moja kwa moja. Kauliza gari. Kisha: "Deheni yangu imekaaje, Asma?"

Nimesema imekaa vizuri, Baba. Uongo mkavu, siku ya Ijumaa.

Nifanyeje? Huyu mzee kaunda mashua tangu sijazaliwa. Sasa watu wananunua boti za faiba, na ni mwaka wa nne hakuna aliyemwagiza hata ngalawa. Vyombo vyake vya kazi vimening'inia ukutani, anavifuta vumbi kila wiki. Gari lilipokuja, kila mtu alisema mashallah akaondoka. Yeye alilizunguka mara tatu, akalala chini, akatazama, akasema chuma hiki kiko uchi, na bahari ipo pale. Februari, bamvua lilipofika, yale maji makubwa ya mwezi mpevu, akatwanga shahamu na chokaa siku mbili, na mabega yale mabovu. Gari si chombo, halihitaji maji yapwe ndipo lipakwe! Lakini Baba hajui kupaka siku nyingine.

Moyoni nilijua chuma si mbao. Sikusema. Alikuwa anaimba. Miaka minne sijamsikia akiimba.

Alipomaliza akabandika kiganja chake kwenye deheni mbichi, nyuma karibu na bamba la namba, kama alivyofanya kwa kila chombo alichokiunda. Ndiyo alama yake. Akasema nilirudishe kila bamvua, ikwanguliwe ipakwe mpya. Sikulirudisha hata mara moja. Leo tuko Mkwaja, leo tuko Tanga. Kweli ni kwamba shahamu ilinuka na wateja walikunja pua.

Sasa kosa la nani? La kwake kupaka, au la kwangu kunyamaza halafu kukwepa? Nimelizungusha hili kichwani mpaka chai imepoa.

Jumatatu, 29 Septemba 2025

Gari la kukodi. Limechelewa, barafu imeyeyuka, changu wote wamelegea. Mgongo unauma. Sina la kuandika.

Alhamisi, 2 Oktoba 2025

Kwa Zabron tena. Uvungu wote umekwanguliwa, umepigwa brashi ya waya mpaka umeng'aa. Vipande vya deheni kavifagia, vimejaa ndoo mbili. Nimeviangalia nikapata uchungu kama nimeona nguo za marehemu, na mwenyewe yuko nyumbani mzima, anakula vitumbua.

Kilikuwa kimebaki kiganja tu. Vidole vitano, wazi kabisa, hata kile cha shahada kilichopinda tangu kipigwe na nyundo. Zabron kaleta brashi. Nikamwambia hapo paache.

Kasema, mama, ukipaacha hapo kutu itaanza upya hapo hapo, kazi yote bure. Nikasema paache. Nikasikia sauti yangu imekuwa kali, na yeye hakunikosea kitu. Kapaka rangi kukizunguka, huku anaguna.

Najua ni ujinga. Nimejua palepale.

Jumapili, 5 Oktoba 2025

Gari limerudi. Nimemwambia Castory aliegeshe nyuma kwenye ua, karibu kabisa na uzio wa makuti, asipite mtu. Kaniangalia. Kasema: "Mama, mwambie mzee. Mimi sijui kudanganya, nitaharibu." Nimemwambia nitasema. Nilimaanisha, wakati ule.

Magharibi Baba kaja. Bamvua ni Jumanne, kasema, na chokaa keshanunua. Nikasema Jumanne tuna safari ya Mkwaja.

"Mkwaja haihami," akasema. Akaenda zake.

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Nimekwenda kwake na uji, nimekusudia kusema. Nimemkuta anatwanga. Kakaa kwenye kigoda, kinu katikati ya miguu, shahamu imemrukia mpaka kwenye kofia. Ananisimulia mashua aliyoiunda mwaka nilipozaliwa, kwamba mpaka leo haijavuja. Nikaweka uji, nikarudi.

Castory kesho aondoe gari alfajiri, kabla Baba hajatoka. Basi. Nitasema siku nyingine.

Jumanne, 7 Oktoba 2025

Castory kaja kunigongea. Hakuondoka. Baba alishalala chini ya gari tangu watu watoke msikitini. "Sasa nipitishe gari juu ya mzee?" kaniuliza.

Saa mbili na nusu. Niko mlangoni mwa jiko na daftari hili, maana sijui mikono niipeleke wapi. Ninaona miguu yake tu, kandambili moja imemtoka. Kando yake ndoo ya deheni mpya.

Nilimwamkia, akaitika marahaba. Kisha akauliza nani kakwangua. Nikasema mimi, Baba. Kwa nini? Ilipasuka, nikasema. Hilo si uongo. Nikasikia anapapasa chuma, polepole, kutoka mbele kwenda nyuma. Akasema rangi hii nyeusi si mbaya. Kasema mwenyewe hivyo. Si mbaya.

Halafu akasema: "Huku nyuma mmesahau kidogo."

Nikamwambia hapo paache, Baba, ndiyo alama yako. Akacheka kidogo. Akasema deheni mpya haipakwi juu ya ya zamani, ina maana miaka yote hii nimekaa naye sijaona? Akaomba kisu.

Nimempa. Kwa mkono wangu huu.

Anakwangua. Unga mweupe unadondoka mchangani. Castory kasimama kwenye ua, kageuza uso. Kidole kimoja, naona kipande kimeanguka. Kingine. Ningekimbia nimwambie basi, toka, njoo unywe chai. Sijasogea.

Sasa kinachodondoka si cheupe tena. Ni chekundu. Kutu.

Kisu kimesimama. Miguu imetulia. Tangu nizaliwe ananiita Asma, hata akinigombeza.

"Asmahani," ameita.