Maji Chini ya Msingi Wako

Chanika,
Handeni.
29 Juni 2025

Mpendwa Mjomba Awadhi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Tunduma, na kile kifua kinachosumbuliwa na baridi kimetulia. Sisi alhamdulillahi, hatujambo. Bibi anakula vizuri, ila anakulalamikia kwamba umekuwa kama mvua ya Handeni: unasikika mbali, hufiki.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Mama amesema jambo la kiwanja cha mjomba haliombwi kwa simu. Basi ngoja nikueleze lilikoanzia.

Likizo hii nilikuwa Korogwe, kule Kwamndolwa, kwenye kambi ya sayansi ya Mwalimu Agripina. Ametukusanya sisi tunaoingia kidato cha sita ambao maabara tuliijua kwa kuchorewa ubaoni, na wazazi wetu hawana uwezo wa kutulipia masomo ya ziada. Anasema hataki tufike chuo kikuu tukaogope vifaa. Nimechomelea nyaya kwa mkono wangu mwenyewe! Kidole nacho nimekichoma, usimwambie mama.

Kitanda cha juu yangu alilala Emiliana wa Vugiri. Kwao maji yanashuka mlimani yenyewe, usiku kucha yanaongea. Aliponiona naoga kwa kopo moja alicheka mpaka akakaa chini. Nilipomweleza foleni yetu ya madumu, hakucheka tena. Ndipo tukachagua kazi yetu ya kambi: kutafuta maji yaliyo chini ya ardhi.

Kifaa chetu ni betri ya pikipiki, nyaya, mita na vyuma vinne vya kupigilia ardhini. Unapitisha umeme, unasoma jinsi udongo unavyouzuia. Penye unyevu unapita kirahisi. Ukivitenganisha vyuma zaidi, unasoma chini zaidi. Siku hizi natembea taratibu, mjomba, maana naona kama nakanyaga paa la nyumba ya mtu. Nikifumba macho nayaona maji yamelala gizani, ya baridi, yanangoja kuitwa. Hiyo ndiyo kazi ninayoitaka maishani.

Wiki iliyopita Mwalimu alituleta Chanika kupima. Mzee Sufiani, jirani yetu, akasimama uani kwake akauliza, "Wanangu, hizo nondo mlizopanda zitaota lini?" Kwake tulipima, pakavu. Shamba la mama, pakavu. Mwishowe nikaomba tujaribu kwenye msingi wako, ule ulioota nyasi. Mita ikashuka, na kila tulipovitenganisha vyuma ikazidi kushuka. Emiliana alinishika mkono akanivuta tusome mita tena.

Mwalimu hapendi tujidanganye. Alisema udongo wa mfinyanzi nao hupitisha umeme, hivyo lazima wataalamu wa maji waje na mitambo yao wahakikishe. Lakini hawaji bila ruhusa ya mwenye kiwanja. Na maji yakipatikana, nyumba yako haitajengwa hapo tena.

Ruhusa hiyo ndiyo ninayoiomba, na naiomba kwa woga. Najua msingi huo ndio ahadi yako ya kurudi. Nakumbuka ulivyotutembeza humo na kijiti mkononi: hapa sebule, hapa chumba changu, na hapa pembeni Mwantumu atasomea. Ni hapo pembeni mita iliposhuka kuliko kote. Ukikataa sitanung'unika, kiwanja ni chako.

Mama anakusalimu sana. Anasema ukikubali, atakumegea upande wa kiwanja chake ulio karibu na njia, ujenge huko. Bibi anakuombea kila swala. Nisalimie Mama Shamimu, na Shamimu mwambie nimemwekea ubuyu. Mwenyezi Mungu akuzidishie afya, akulete kwetu salama.

Siku ile wenzangu walipokwenda kufunga vifaa, mimi nilibaki nimekaa kwenye ile pembe, daftari magotini, nikipiga hesabu za vipimo vyetu mpaka jua likazama. Ulisema nitasomea humo, mjomba. Nimesomea.

Mpwa wako akupendaye na kukungoja,

Mwantumu