Hodi ya Bi Mwanahawa

Shangazi yangu,

Shikamoo huko ulikolala. Najua ungeitikia "marahaba, mwanangu," kisha ungeniangalia kwa lile jicho lako la pembeni. Hapa kijijini Mzenga habari hazikawii, lakini hii bora uisikie kutoka kwangu.

Unakumbuka nilipokuja likizo nikachora mstari uani kwa kijiti, nikawaambia watoto wenzangu ndani ya mstari ni kwangu, asiingie mtu? Ulitoka jikoni na mwiko mkononi, ukaufuta mstari kwa unyayo. "Nani kakuuzia?" Nikalia. Ukanipa ukoko wa wali, nikanyamaza.

Nilikuwepo pia siku ile wewe, shoga yako Bi Mwanahawa na majirani mlipokaa mkekani mkaunganisha mashamba yenu, baada ya wanunuzi wa mjini kuanza kuwarubuni mmoja mmoja. Mlikubaliana hakuna atakayeuza hata kipande. Mtoto wa hapa asiye na pa kukaa atapewa mahali ajenge; nyumba itakuwa yake na wanawe, ila ardhi itabaki ya wote. Ukanigeukia. "Nyumba utaiita yangu. Ardhi utaiita yetu. Umesikia?" Nikasema ndiyo, Shangazi. Jamani, ndiyo ilivyo rahisi kutamka!

Mwenzio nikaenda kununua kiwanja changu kule Picha ya Ndege, Kibaha. Kumbe kimeuzwa kwa watu wawili, na mnunuzi mwenzangu alishaniwahi kuweka bikoni, zile nguzo fupi za zege za mpakani. Mimi nilikuwa na maneno matupu. Nikapoteza kiwanja, nikabaki kupanga chumba na wanangu mpaka kodi ikanishinda. Ndipo nikakumbuka nyumbani.

Walinipokea, Shangazi. Hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi siku zote hizo. Vijana walifyatua tofali, wanawake wakasomba maji kisimani, na Bi Mwanahawa, na mgongo wake ule, akawapikia mafundi mihogo ya nazi. Nyumba ikasimama. Wanangu wakalala kwao.

Na mimi nikawalipa nini? Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kabla hata sijapanga vyombo, nilimleta fundi kutoka Kibaha, tukachimbia bikoni kila kona, tukazungusha seng'enge na kuweka kigeti. Sikumuuliza mtu. Ile njia ya kisimani, ile uliyokuwa ukinishika mkono tukipita na umande ukitulowesha miguu, ikaangukia ndani ya uzio wangu.

Nilitegemea ugomvi. Wangenisema ningejitetea, mdomo ninao, unanijua. Wapi! Walizunguka kwa kule mikoroshoni, ndoo kichwani, na salamu wakanipa kama kawaida.

Asubuhi moja nasikia, "Hodi! Hodi wenyewe!" Kutoka, Bi Mwanahawa amesimama nje ya kigeti na ndoo yake.

"Mwanangu, miguu leo haitaki kuzunguka. Naomba nipite kwako."

Kwako! Njia ile mliifyeka ninyi wawili mkiwa wasichana. Hapo nilipojenga palikuwa shamba lake. Niliona aibu, Shangazi, nikamfungulia kigeti hata shikamoo nikaisahau. Nilitamani unitokee na mwiko wako unichape mbele za watu.

Siku hiyohiyo nilikata seng'enge. Bikoni nilizing'oa mwenyewe kwa sururu, mchana kweupe, kila mtu akiona. Kisha nikaenda kwenye kikao cha wenye mashamba kuomba radhi, nikijua wana haki ya kuniambia nichukue wanangu niondoke. Mwenyekiti akasema, "Yameisha, dada. Kaa." Nikakaa mkekani. Macho sikuyainua.

Njia sasa iko wazi, naifagia kila siku. Nimemfuata Bi Mwanahawa hadi kwake, nikamwambia, "Pita tu, Bi Mwanahawa, si kwangu pale." Anacheka, ananiombea dua. Lakini kila asubuhi akifika pale kilipokuwa kigeti anasimama, ndoo kichwani, anabisha hodi. Sidhani kama ananikomoa. Amezoea tu, na aliyemzoesha ni mimi.

Lala pema, Shangazi. Nakuaga hapa, maana namsikia anakuja. Nikinyamaza, nitamwacha na ndoo kichwani. Nikimwambia karibu, nitakuwa nimesema tena kwamba ni kwangu.

Mimi,
mtoto wa kaka yako