Sabuni ya Uso Isiyowasha

Kariakoo, Dar es Salaam

Mdogo wangu Somoe,

Najua umeshasema "shikamoo dada" kabla hata hujafungua bahasha, basi marahaba. Mguu wa mama unaendeleaje na baridi ya huko Newala? Sisi wazima, joto tu ndilo linalotunyanyasa.

Ulivyokataa kuwa somo wa Rehema, wa kumfunda na kumsinga kwenye harusi yake, ukasema uso wako ulioungua na mkorogo wa kujichubua utatutia aibu, nilikasirika. Sasa nisikilize.

Mwanao Rehema siku hizi anatengeneza sabuni ya uso humu humu chumbani, na Kariakoo nzima inamjua. Usicheke, karibu nzima. Anachukua vipande vyeupe kama vya mshumaa, vimetokana na nazi na mahindi, anaviyeyusha na mafuta, halafu anamimina maji ya moto huku anakoroga. Mafuta na maji yanapatana, yanakuwa laini kama maziwa mazito. Mimi niliyeishia la saba nakueleza kama daktari!

Juzi akaja mama mmoja mwenye saluni ya maharusi, anataka madumu. Akajaribu mkononi, akakunja uso.

"Mbona haina povu? Wala haiwashi! Wateja wangu wasipowashwa wanasema nimewapaka maji. Tia kitu kidogo, mwanangu, iwashe."

Nikadakia, "Atatia, shoga, huyu hashindwi kitu!"

Rehema akanitazama. "Mama, hata mama mdogo Somoe aliambiwa ikiwasha ndiyo inafanya kazi. Sitii."

Yule mama akachukua mkoba wake, akaenda zake. Nilitamani kumkimbilia. Lakini nikabaki nimekaa, nawaza: hivi nani alitufundisha kwamba uzuri lazima uume?

Jioni nikamwambia Rehema basi nimtafutie somo mwingine, jirani yetu mwenye sura nzuri. Akacheka. "Anayesuguliwa singo ni mimi, mama. Uso wa somo wa nini? Nataka mikono yake."

Hapo hapo nikachukua kalamu nikuandikie!

Chupa ya sabuni niliyofunga na barua hii ni yako, ila usisubiri uso upone ndiyo uje.

Nisalimie mama, shemeji yangu mumeo, na mjomba fundi baiskeli, mwambie namkumbuka kwa vituko vyake.

Usipokuja, mwari atakaa bila kusingwa. Ameapa, na unajua ubishi wake kautoa kwa nani.

Dada yako,
Mama Rehema